Ushuhuda wa Damu: Habari za Kuitafuta Saratani ya Utumbo

Saratani ya utumbo mpana ni adui asiyebisha hodi. Huanza kwa kivimbe kidogo kinachoota juu ya ukuta wa ndani wa utumbo, na kivimbe hicho chaweza kukaa miaka kumi au zaidi bila ya kumwuma mwenyewe, wala kumzuia kula, wala kumkosesha usingizi. Vivimbe vilivyo vingi havigeuki kuwa kitu kibaya. Vichache hugeuka, na mtu aonapo damu chooni, au akondapo pasipo sababu, au ashikwapo na maumivu ya tumbo yasiyokwisha, mara nyingi maradhi yamekwisha kuupenya ukuta wa utumbo na kufika katika tezi na katika ini. Kwa sababu hiyo habari za tiba ya maradhi haya, kwa sehemu kubwa, ni habari za watu waliotafuta njia ya kujua mapema kuliko maradhi yenyewe yalivyopenda kujulikana.

Katika kutafuta huko damu ilishika kazi kwa namna mbili, na yafaa zitenganishwe tangu mwanzo. Namna ya kwanza ni damu inayovuja ndani ya utumbo na kutoka pamoja na choo, mara nyingine kidogo mno hata jicho lisiione. Damu hiyo ilianza kutafutwa kwa dawa za kemia tangu karne ya 19, na faida ya kuitafuta kwa watu wasio na dalili ilithibitika mwaka 1993, wakati majaribio makubwa ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, yaliyowahusu watu 46,551, yalipoonyesha kwamba vifo kwa saratani hii vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja katika kundi lililopimwa choo kila mwaka. Namna ya pili ni damu inayotolewa kwa sindano katika mshipa wa mkono, ikaulizwa kama imechukua alama yo yote ya saratani. Hiyo ya pili ndiyo inayosimuliwa hapa. Njia yake ilikuwa ndefu na yenye kona nyingi zaidi, na wako waliodhani wamefika hali wangali mwanzoni.

Mwanzo wake ni mji wa Montreal, Kanada, katika miaka ya mwanzo ya 1960. Katika Hospitali Kuu ya Montreal, iliyoambatana na Chuo Kikuu cha McGill, alikuwako daktari kijana jina lake Phil Gold, mzaliwa wa mji huo, aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya juu chini ya mwalimu wake Samuel Freedman. Swali lao lilikuwa la zamani. Je, chembe ya saratani ina kitu kisichokuwamo katika chembe nzima ya mtu yule yule? Wengi walikuwa wameliuliza wasipate jawabu la kuaminika, na sababu moja ya kushindwa kwao ilijirudia mara kwa mara. Walichukua saratani ya mtu huyu wakailinganisha na nyama nzima ya mtu mwingine. Basi tofauti waliyoiona haikujulikana kama ni tofauti ya ugonjwa na uzima, au ni tofauti ya mtu na mtu tu, kama vile damu za watu zinavyotofautiana kwa makundi.

Gold na Freedman waliuchagua utumbo mpana, na uchaguzi huo peke yake ulikuwa nusu ya kazi. Saratani ya utumbo haitambai mbali kwa kufuata urefu wa ukuta. Sentimita chache kutoka penye uvimbe, ukuta ni mzima. Mpasuaji akikata sehemu yenye maradhi hukata pia sehemu nzima ya pande zote mbili, ili asiache masalio. Kwa hiyo kipande kimoja, kilichotoka katika tumbo la mtu mmoja, kiliwapa watafiti saratani na nyama nzima kwa pamoja. Kulinganisha kukawa kwa haki. Yasemwapo mambo makubwa ya elimu, watu hupenda kutaja mitambo na mali. Hapa kilichofungua mlango ni kuchagua vema kitu cha kulinganisha, jambo ambalo halikugharimu fedha yo yote.

Kazi iliyofuata ilifanywa kwa sungura. Mwili wa mnyama ukiingiziwa kitu kigeni hutengeneza kingamwili za kukikamata kitu hicho. Sungura akidungwa saratani ya mtu atatengeneza kingamwili nyingi sana, lakini karibu zote zitakuwa za kukamata mambo ya kawaida yaliyomo katika nyama ya kila mtu. Watafiti walihitaji kuyaondoa hayo ya kawaida ili kuona kama kuna kilichobaki. Walitumia njia mbili. Ya kwanza ilijengwa juu ya ugunduzi uliowapatia Peter Medawar wa Uingereza na Macfarlane Burnet wa Australia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1960, kwamba mnyama aliyekutana na kitu kigeni angali mchanga hukizoea na kukihesabu kuwa chake. Basi sungura wachanga walidungwa utumbo mzima wa mtu, wakauzoea. Walipokua wakadungwa saratani, na miili yao ikashughulika na kile tu ambacho haikupata kukizoea. Njia ya pili ilikuwa kuchukua maji ya damu ya sungura waliokwisha dungwa saratani na kuyachanganya na nyama nzima, ili kingamwili za kawaida zinaswe zote na kuondolewa. Zilizobaki zilikuwa zile zisizo na cha kushika ila saratani.

Njia zote mbili zilifika mahali pamoja. Mwaka 1965 wataalamu hao wawili walitangaza kwamba katika saratani ya utumbo mpana kuna kitu ambacho hawakukiona katika utumbo mzima wa mtu mkubwa, na katika makala yao ya pili ya mwaka ule ule wakaeleza kwamba wamekiona tena mahali pasipotazamiwa: katika utumbo, ini, na kongosho za mimba isiyozidi miezi sita. Kwa sababu hiyo wakakipa jina lenye kuunganisha saratani na mimba, na dunia imezoea kukiita kwa herufi tatu, CEA.

Jina hilo lilikuwa na utamu wake. Lilifanya saratani ionekane kama chembe iliyosahau umri wake ikarudia mambo ya tumboni mwa mama, na wanafikra wengi walivutwa na picha hiyo kuliko na kitu chenyewe. Baadaye ilijulikana kwamba CEA haikosekani kabisa katika mtu mzima mwenye afya. Imo, ila ni kidogo. Tofauti ya kuwamo na kutokuwamo ikageuka kuwa tofauti ya kingi na kidogo, na hiyo ni tofauti dhaifu zaidi, kwa kuwa penye kingi na kidogo lazima mtu achore mpaka, na kila mpaka una watu wa kuonewa wa upande huu na wa upande ule.

Lakini mwaka 1965 hayo yalikuwa bado. Swali lililofuata lilikuwa kama CEA huvuja kutoka katika saratani na kuingia katika damu. Kuipima ilikuwa shida, kwa sababu kiasi chenyewe huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu moja katika sehemu bilioni ya gramu. Jawabu lilitoka kusini, katika hospitali ya askari wastaafu ya mtaa wa Bronx mjini New York. Huko Rosalyn Yalow na Solomon Berson, katika mwisho wa miaka ya 1950, walikuwa wamevumbua njia ya kupima insulini kwa kutumia kingamwili na chembe ndogo ya mionzi. Kitu kinachotafutwa, kilichotiwa alama ya mionzi, hushindania nafasi juu ya kingamwili na kitu kile kile kilichomo katika damu ya mgonjwa. Kadiri damu ilivyo na kingi, ndivyo chenye mionzi kinavyosukumwa nje, na mionzi huhesabika. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikwisha kufa mwaka 1972, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Wenzi wa Montreal waliichukua njia hiyo wakaitumia kwa CEA. Mwaka 1969 Gold na Freedman, pamoja na wenzao Thomson na Krupey, walitangaza matokeo yaliyoshangaza kila aliyeyasoma. Katika wagonjwa 36 wenye saratani ya utumbo mpana, damu za 35 zilionyesha CEA. Ni mmoja tu aliyekosa, na huyo saratani yake ilikuwa changa.

Si ajabu kwamba wengi waliamini kuwa kazi imekwisha. Ilionekana ya kuwa punde kila mtu atatoa damu kidogo mara moja kwa mwaka, na saratani ya utumbo itakamatwa kama mwizi anavyokamatwa mlangoni. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Hoffmann-La Roche ilikitengeneza kipimo hicho kwa matumizi ya hospitali, na mwaka 1978 Gold na Freedman walitunukiwa Tuzo ya Gairdner, iliyo kubwa katika Kanada. Walakini wakati huo wa sifa, hospitali za nchi mbalimbali zilikuwa zimekwisha kuona mambo mengine. CEA ilipanda kwa wavutaji wa sigara. Ilipanda kwa wenye maradhi ya ini. Ilipanda kwa watu wenye vidonda vya utumbo visivyo saratani, na kwa saratani za mahali pengine kama mapafu na kongosho. Na jambo lililokuwa zito kuliko yote, saratani ikiwa ndogo, yaani ingali ya kukatika na mtu akapona, mara nyingi CEA haikupanda kabisa.

Hapo yapasa kurudi kwa wale 36. Hakuna aliyesema uwongo juu yao. Kilichokuwako ni kwamba walikuwa watu waliokwisha julikana kuwa wagonjwa, na wengi wao maradhi yalikuwa yamekua. Yule mmoja aliyekosa, aliyetazamwa kama doa dogo katika hesabu nzuri, ndiye aliyebeba habari yote. Kwa maana alifanana na mtu ambaye kipimo kilitakiwa kumtafuta. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mwenye kuyaona mawingu mvua imekwisha mnyeshea hana la kujivunia.

Iko na hesabu nyingine, nayo ni nyepesi ingawa husahauliwa hata na wasomi. Chukuliwe mfano wa mji wenye watu wazima 10,000 wasio na dalili yo yote, na kati yao 50 wana saratani ya utumbo bila kujua. Kipimo kinachowatambua wagonjwa 80 katika 100 kitawapata 40 na kuwaacha 10. Kama kipimo hicho hukosea kwa wazima 10 katika kila 100, basi katika wazima 9,950 watu 995 wataambiwa kwamba damu zao zina alama. Wote watakaoitwa ni 1,035, na wenye maradhi kati yao ni 40 tu. Kila mmoja wa wale 1,035 atalala usiku ule na neno saratani kichwani mwake, na kila mmoja lazima atazamwe utumbo kwa kamera. Kipimo kile kile kikitumiwa katika wodi iliyojaa wagonjwa huonekana kama mwujiza, na kikipelekwa sokoni huonekana kama mzushi; hali chenyewe hakikubadilika hata kidogo.

Mwaka 1980 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakutanisha wataalamu ili watoe kauli juu ya CEA. Kauli yao ilikuwa ya busara. Walisema isitumiwe kutafuta saratani kwa watu wasio na dalili. Lakini kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, ilikuwa ndiyo njia iliyo bora, katika zilizokuwako wakati huo na zisizohitaji kisu, ya kutambua kwamba maradhi yamerudi. Hivyo kipimo kilichozaliwa kuwa mpelelezi kiliajiriwa kuwa mlinzi. Kazi hiyo kiliifanya, na kingali kinaifanya katika hospitali nyingi za dunia.

Ila ulinzi nao una swali lake. Mlinzi akipiga kelele usiku, je, mwenye nyumba ana silaha? Katika miaka ya 1970 na 1980 walikuwako wapasuaji, hasa Marekani, walioshika kwamba CEA ikipanda baada ya upasuaji, tumbo lifunguliwe tena mara moja, hata kama mgonjwa hasikii lo lote na picha hazionyeshi kitu, ili saratani iliyorudi ikatwe ingali ndogo. Upasuaji huo ulipewa jina la kutazama mara ya pili. Hoja yake ilikuwa na mantiki iliyo safi, na palikuwako wagonjwa waliosimuliwa kuwa wamepona kwa njia hiyo. Wale waliokufa hawakusimuliwa sana.

Uingereza iliamua kuijaribu hoja hiyo kwa haki, na majaribio yaliyofanywa huko yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa. Yalianza mwaka 1982. Wagonjwa 1,447 waliokwisha kupasuliwa kwa matumaini ya kupona, katika hospitali 58, walitolewa damu kila baada ya muda, na damu ikapimwa CEA katika ofisi ya majaribio. Ilipopanda, mgonjwa alitiwa katika kura. Kwa nusu moja daktari wake aliarifiwa, ili achunguze na kufungua tumbo. Kwa nusu ya pili daktari hakuarifiwa. Aliendelea kumtazama mgonjwa kama desturi, na karatasi yenye hesabu ya damu ikabaki ofisini.

Msomaji wa leo hushtuka asomapo hayo. Yawezekanaje habari ya damu ya mtu ikajulikana na ofisi, na daktari wake asiambiwe? Jibu ni kwamba wakati huo hakuna mtu duniani aliyejua kama kuambiwa kulikuwa na faida au na madhara. Kufungua tumbo si jambo dogo. Lina maumivu yake na vifo vyake. Aliyeshika kwamba kuarifu ni wema alikuwa anashika imani, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Hukumu ya kiungwana juu ya watu wale yataka msomaji ajitoe kwanza katika kudhani kwamba kujua ni kupona.

Wagonjwa 216 walifikia kura, 108 kila upande. Mwaka 1993 kamati iliyokuwa ikiyasimamia majaribio ilishauri yafungwe. Hesabu ilikuwa hivi: upande ulioarifiwa na kupasuliwa walikuwa wamekufa 91 katika 108, upande usioarifiwa walikuwa wamekufa 88 katika 108. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata isiwe na maana, na kama ingekuwa na maana isingekuwa kwa faida ya kisu.

Ungetazamia kwamba habari kama hiyo ingetangazwa kwa tarumbeta. Haikutangazwa kwa ukamilifu. Muhtasari ulisomwa, na karatasi zikawekwa. Miaka ikapita, wapasuaji wapya wakafundishwa, na desturi ya kuwinda saratani iliyorudi ikaendelea kukua pasipo kuyajua majaribio ambayo yangepasa kuiuliza swali. Ndipo mpasuaji wa kifua wa London, Tom Treasure, aliyekuwa akitafuta ushahidi juu ya upasuaji wa saratani iliyohamia mapafuni, alipofuata nyayo za majaribio hayo mpaka kumbukumbu zake zikapatikana. Mwaka 2013 palikuwa pamezuka mwito miongoni mwa watafiti kwamba majaribio yaliyotelekezwa yatangazwe na watu wengine kama wenyewe hawakuyatangaza. Kwa mwito huo Treasure na wenzake waliyachapisha matokeo mwaka 2014, miaka 21 baada ya kufungwa. Kwa mwanahistoria funzo la nyaraka hizi ni zito kuliko funzo la maabara: jambo lililothibitika likaachwa sandukuni halikuzuia hata kisu kimoja.

Mwaka huo huo wa 2014 yalichapishwa majaribio mengine ya Uingereza, yaliyowahusu wagonjwa 1,202 katika hospitali 39. Wakati huo picha zilikuwa bora na upasuaji wa ini ulikuwa umeendelea. Katika waliofuatiliwa kwa CEA, wagonjwa 6.7 katika kila 100 waliweza kupasuliwa tena kwa nia ya kuponyesha, na katika wale waliofuatiliwa kwa uchache ni 2.3 katika kila 100. Kwa hiyo mlinzi alisikika, na safari hii silaha ilikuwapo. Hata hivyo idadi ya vifo katika makundi haikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Wakati CEA ikipanda na kushuka katika heshima ya watu, kulikuwako mkondo mwingine uliopita chini ya ardhi tangu 1948. Mwaka huo, katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, Paul Mandel na Pierre Métais walieleza kwamba katika maji ya damu ya binadamu, nje ya chembe zo zote, kuna asidi za kiini zinazoelea. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya Watson na Crick kueleza umbo la DNA. Habari yao ilikuwa kweli, ila haikuwa na wa kuipokea. Hapakuwako swali lililoihitaji. Mwaka 1977 wataalamu wa Philadelphia walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa saratani wana DNA nyingi zaidi katika damu kuliko watu wazima, na mwaka 1989 Stroun na Anker wa Geneva wakaonyesha kwamba sehemu ya DNA hiyo ina tabia za chembe za saratani. Basi palikuwako alama ya aina nyingine. CEA ni kitu ambacho kila mtu anacho, kingi au kidogo. DNA yenye jeraha la saratani ni barua iliyoandikwa na saratani yenyewe kwa mkono wake.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, waliisoma barua hiyo kwa wagonjwa 18 wa saratani ya utumbo waliokuwa katika matibabu. Waliona kwamba mpasuaji akiisha kuitoa saratani yote, DNA yake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya kadiri ya saa mbili. CEA hukawia siku nyingi. Na mgonjwa ambaye DNA ile ilibaki baada ya upasuaji, mara nyingi maradhi yalimrudia.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, na hayahitaji kusimuliwa yote. Kampuni ya Epigenomics ya Berlin ilitengeneza kipimo cha alama katika jeni iitwayo SEPT9. Kilipojaribiwa kwa watu wasio na dalili, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, kiliwatambua wagonjwa 48 tu katika kila 100. Hata hivyo mwaka 2016 Marekani ilikiruhusu. Kipimo cha kampuni ya Guardant, kiitwacho Shield, kilifanya vizuri zaidi. Kwa matokeo ya Machi 2024, katika watu 7,861 walikuwamo wagonjwa 65 wa saratani, na damu iliwataja 54. Mnamo Julai 2024 kikaruhusiwa kwa watu wa miaka 45 na zaidi. Kwa wazima kilikosea kwa mtu mmoja katika kila kumi, au karibu na hapo. Na ile hesabu ya mji wa watu 10,000 yarudi mlangoni ikiwa na nguo mpya.

Bali tarakimu iliyo nzito katika ripoti ile ni nyingine. Vivimbe vilivyokuwa karibu kugeuka saratani vilitajwa na damu kwa kadiri ya 13 tu katika kila 100. Kamera ya utumbo, yenye taabu zake zote za kufunga na kuharisha, hukiona kivimbe na kukikata pale pale, na aliyekatwa kivimbe huepushwa na saratani yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Damu mpaka leo yasema habari za ukuta ulioanguka kuliko za ufa. Sababu yake si uzembe wa maabara. Kivimbe kidogo kilicho kizima hakimwagi DNA ya kutosha ndani ya mishipa, na kisichomwagwa hakipimiki.

Kwa Afrika ya Mashariki mambo haya yana uzito wake. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliondoka Uganda mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ugunduzi wa Montreal; na mwaka 1971 aliandika kwamba saratani ya utumbo ni adimu kwa Waafrika wa mashamba kwa ajili ya vyakula vyao vyenye makapi mengi. Mji na vyakula vya mji vimeupunguza uadimu huo. Chupa ya damu yaweza kusafiri kwa basi kutoka wilayani mpaka mji mkuu, na kamera haiwezi, wala mwenye kuishika kamera. Hapo ndipo kishawishi kilipo: kupokea kipimo cha damu kana kwamba ni badala ya kamera, hali kila jibu la damu lenye alama huishia kwa kumwita mwenye kamera. Nchi yenye wenye kamera wachache ikiwapima watu wengi damu, itakuwa na foleni ya watu waliotiwa hofu.

Katika kazi ya ulinzi, DNA imeleta faida moja iliyo wazi. Wagonjwa wa saratani iliyo katika daraja la pili, yaani iliyopenya ukuta wa utumbo isifike katika tezi, wengi hupona kwa kisu peke yake, lakini wengine walikuwa wakipewa dawa kali kwa hofu tu. Majaribio ya Australia yaliyoongozwa na Jeanne Tie, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliwagawa wagonjwa 455; wengine waliamuliwa kwa desturi, na wengine kwa DNA iliyobaki katika damu baada ya upasuaji. Katika walioamuliwa kwa damu, 15 katika kila 100 walipewa dawa. Katika wale wa desturi, 28. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai bila maradhi kurudi walikuwa 93.5 katika kila 100 upande wa damu, na 92.4 upande wa desturi. Yaani watu wengi waliepushwa na kichefuchefu, na ganzi ya vidole, na miezi ya udhaifu, wala hawakupoteza kitu. Faida hii ilitoka kwa damu iliyonyamaza, na katika matokeo yote yaliyotajwa hapa hakuna yaliyo thabiti zaidi.

Damu iliyosema haijapata jibu linalolingana nayo. Majaribio ya Marekani yaliyowapa dawa wagonjwa wa daraja la pili waliokutwa na DNA ya saratani yalisimamishwa, na matokeo yake, yaliyosomwa mwanzoni mwa 2024, hayakuonyesha kwamba dawa iliiondoa alama ile kuliko kuangaliwa tu. Mwaka 2025 kundi la Tie lilitangaza habari za wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imefika katika tezi. Wale ambao damu zao zilikuwa na alama walizidishiwa nguvu ya dawa, nao hawakukaa salama muda mrefu kuliko wenzao waliopewa dawa za kawaida. Majaribio hayo, tofauti na yale ya mwaka 1982, yalitangazwa mara yalipokamilika.